Rangi ya Shingo ya Njiwa

Nina kipande cha pamba kisichozidi upana wa kiganja, nimekibana kwa pini kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Ukikitazama kwa haraka utasema ni kijivu. Kisogeze dirishani: zambarau inajitokeza kwa chini, kisha waridi hafifu sana, kisha kijivu tena, kama shingo ya njiwa anapogeuza kichwa. Nilikipata kwa bahati katika mwezi wangu wa pili wa kutia rangi vitambaa, na ilinichukua karibu miaka mitatu kupata cha pili. Mengi ninayoyajua leo kuhusu rangi, kufuma na kupamba uso wa kitambaa nimeyaokota njiani, nikikitafuta hicho cha pili.

Siku ile nilikuwa nachemsha kokwa za parachichi. Nilikuwa nimeambiwa zinatoa waridi, na sikuamini hadi nilipoona maji yakianza kuwa mekundu kidogo kidogo, kwanza kama kutu, kisha kama divai. Nikatumbukiza vipande vya shuka la zamani, nikazima moto, nikaviacha humo usiku kucha. Asubuhi badala ya waridi nikatoa rangi ya njiwa. Nilivianika nikasimama mbele yake muda mrefu. Sikuandika chochote. Sikupima kokwa, sikupima kitambaa, sikuangalia saa, wala sikujiuliza nilikuwa nimetumia sufuria gani. Niliona kitu kizuri nikadhani kimekuwa changu, kwamba siku nikikitaka tena nitakwenda tu kukichukua.

Nilipokitaka tena, kilikuja waridi. Nikaongeza kokwa, waridi. Nikachemsha saa nne, waridi iliyokolea. Nikatia shabu, nikatia magadi, nikachanganya maganda na kokwa, nikabadilisha shuka nikatumia kitani. Waridi, waridi, waridi, mara moja rangi ya matofali. Kilichonichosha ni kwamba sikuwa najifunza kitu. Nilikuwa nabadilisha mambo manne kwa mpigo, kwa hiyo hata matokeo yalipotofautiana sikuweza kusema ni lipi kati ya manne lililoyaleta. Nilikuwa nayaita majaribio, lakini majaribio hayawi majaribio kama huwezi kuyarudia.

Ndipo nikaanza daftari. Kila kipande kina namba, uzito wake kikiwa kikavu, kiasi cha kila nilichokitia, joto, muda, na chombo. Chombo nilikiongeza mwishoni, bila sababu ya maana, kwa kuwa ukurasa ulikuwa na nafasi. Baadaye safu hiyo ndiyo iliyonifaa kuliko zote.

Kanuni ya kwanza iliyonituliza ni ya kupima kwa uzito wa kitambaa kikavu. Watia rangi wanaposema asilimia 2, wanamaanisha gramu 2 za rangi kwa kila gramu 100 za kitambaa. Lita za maji hazimo katika hesabu hiyo. Maji yanahitajika tu yawe mengi kiasi cha kitambaa kugeuka humo bila kubanwa, maana kikibanwa kinatoka na mabaka. Na kwa vipande vidogo, ambavyo ndivyo vinavyofundisha, huwezi kupima unga moja kwa moja. Robo gramu inapotea kwenye kijiko. Kwa hiyo nayeyusha gramu 1 ya unga ndani ya maji hadi nipate mililita 100, kisha navuta ninachokitaka kwa bomba la sindano. Kipande cha gramu 10 kwa asilimia 2 kinahitaji mililita 20. Hesabu ni ya darasa la tano, na ilinipa uhuru ambao kukisia hakukuwahi kunipa. Rangi tatu, nyekundu, manjano na buluu, zikichanganywa kwa hatua za mililita 2, zinakupa ukurasa mzima wa kahawia ambazo usingezibuni kichwani.

Ufuaji nao niliudharau mwanzoni. Pamba mpya inaonekana safi, ni nyeupe, inanukia dukani. Lakini ina nta yake ya asili, ina pektini, gundi ya mimea, na mara nyingi ina wanga uliopakwa kiwandani. Chemsha kitambaa hicho kwa soda ya kufulia na sabuni kidogo kwa saa moja au mbili uone maji yanavyogeuka kuwa ya kahawia. Mara ya kwanza nilipoona maji hayo niliyakumbuka mabaka yote niliyokuwa nimeyasingizia rangi. Siku hizi nina kipimo kimoja tu: nadondosha tone la maji juu ya kitambaa kikavu. Likisimama kama ushanga, kinarudi sufuriani. Likinywewa papo hapo, tuendelee.

Sufu haitaki ukali huo. Nilijua kwamba sufu na hariri zinapokea shabu kwa urahisi, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inatosha, wakati pamba na kitani zinahitaji kwanza tanini, ule ukakasi wa majani ya chai na maganda ya miti, ndipo madini yapate pa kushika. Nisichokijua ni jinsi sufu inavyoogopa kushtuliwa. Vitita vitatu vya uzi mzuri nilivitoa kwenye maji ya moto nikavipeleka moja kwa moja chini ya bomba la maji baridi, nikavikamua kwa nguvu. Nyuzi za sufu zina magamba madogo. Joto likibadilika ghafla na ukizisugua, magamba hayo yananasana na hayaachani tena. Nilipovianika vilikuwa vimeshikana kuwa kamba tatu ngumu. Tangu hapo sufu inapoa ndani ya maji yake yenyewe, hata kama ni hadi kesho.

Kufuma nilianza kwa sababu ya rangi. Nilitaka kujua rangi inakuwaje ikiwa ndani ya kitambaa tangu mwanzo badala ya kupakwa juu yake. Nikapata kitanda kidogo cha mfumi, nikatandika nyuzi 320, nane kwa kila sentimita, upana wa sentimita 40. Mama mmoja mfumaji wa miaka mingi alikuja kunitazama. Hakusema neno kuhusu rangi zangu. Alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya mtande, yaani nyuzi hizo zilizotandikwa kwa urefu, kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, kama anayepapasa mgongo wa mtoto. "Hapa pamelegea," akasema. "Na hapa. Hapa pamekazwa mno. Fungua, mwanangu, anza upya."

Sikufungua. Nilikuwa nimetumia siku mbili kuutandika, nikaona nitamshinda kwa uangalifu. Kitambaa kilianza na sentimita 40 na kufika mwisho kikiwa na 34. Nyuzi za pembeni zilikuwa zikikatika moja baada ya nyingine, kwa kuwa kila nilipopitisha mshindio, uzi unaokwenda kwa upana, niliuvuta ukanyooka, na kila ulipolazimika kupanda na kushuka kati ya nyuzi za mtande ulikosa urefu wa kufanya hivyo, ukazivuta pembe ndani. Dawa yake ni kuulaza mshindio kama kilima kabla ya kuusukuma kwa kitana. Unauacha upinde, juu katikati, chini pembeni, na ule upinde ndio unaoliwa na kitambaa. Sasa nafanya hivyo bila kufikiri, na kiganja changu pia kimejifunza kupapasa mtande kabla sijafuma hata mstari mmoja. Nikikuta pamelegea, nafungua.

Mtande ule ule ulinifundisha jambo jingine. Nyuzi nilizitia rangi kwa awamu mbili, kwa sababu sufuria halikutosha. Nilipima vizuri awamu zote mbili, nilidhani. Zilipokuwa vitita, hakuna jicho ambalo lingezitofautisha. Zilipokaa bega kwa bega kwenye kitanda, mstari ulitokea katikati ya kitambaa kutoka juu hadi chini, kama kovu. Siku hizi, nikilazimika kugawa, nachanganya nyuzi za awamu zote mbili wakati wa kutandika, moja ya huku na moja ya kule, ili tofauti isambae na igeuke kuwa uhai badala ya kasoro.

Na rangi ya kwenye kitita siyo rangi ya kwenye kitambaa. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu limeniharibia kazi nyingi kuliko chochote. Mtande mwekundu ukipishana na mshindio wa kijani, kila mmoja ukiwa mzuri peke yake, hatua tatu tu mbali unaona tope. Buluu na manjano zinakupa kijani, lakini kijani kilichopoa. Ukitaka kitambaa king'ae, weka pamoja rangi jirani, buluu na zambarau, au nyekundu na chungwa, na ucheze na giza na mwanga wake. Kabla ya kutandika nazungusha nyuzi kwenye kipande cha kadibodi kwa uwiano nilioukusudia, nakisimamisha ukutani, narudi nyuma mita tatu na kufumba macho nusu. Dakika kumi hizo zimeniokolea wiki nzima zaidi ya mara moja.

Wakati huo nilisoma sana kuhusu Anni Albers, aliyeingia shule ya sanaa na ubunifu ya Bauhaus nchini Ujerumani mwaka 1922. Hakwenda pale kwa ajili ya kufuma. Karakana ya ufumaji ndiyo iliyokuwa wazi kwa wanawake, naye akaingia bila hamu. Kazi yake ya kuhitimu, mwaka 1930, ilikuwa kitambaa cha ukuta wa ukumbi mmoja mjini Bernau, alichokifuma kwa pamba na selofani, ule utando mwangavu wa kufungia zawadi, upande mmoja urudishe mwanga na upande wa pili umeze mwangwi. Mwaka 1949 jumba la Museum of Modern Art la New York lilimwandalia maonyesho ya peke yake, heshima ambayo hakuna msanii wa nguo aliyekuwa ameipata pale kabla yake. Sikuvutiwa na umaarufu huo kama nilivyovutiwa na selofani. Alijiuliza uzi unafanya nini kabla ya kujiuliza unapendezaje. Nikaanza kufuma vipande vya sentimita kumi kwa kumi vya kila nilichokipata, katani, karatasi iliyosokotwa, waya mwembamba wa shaba, kisha kuvitia vyote kwenye rangi moja kwa pamoja. Kila kimoja kilitoka na jibu lake. Pamba na hariri zilizofumwa kwenye kitambaa kimoja, zikitiwa rangi ya tindikali inayoshika nyuzi za wanyama, zinatoka hariri imekolea na pamba ikiwa karibu nyeupe. Michoro inajitokeza bila brashi wala muhuri.

Nili, ile rangi ya buluu ya kale itokanayo na mimea, nilijifunza nikiwa nimekata tamaa na njiwa wangu, na ilinishika kwa nguvu nikamsahau karibu mwaka mzima.

Nili haiyeyuki katika maji. Unaweza kuikoroga siku nzima, itatulia chini kama vumbi. Ili iingie ndani ya uzi lazima kwanza inyang'anywe oksijeni, igeuke kuwa kitu kingine kinachoyeyuka na kisicho na rangi ya buluu hata kidogo, iingie, kisha irudishiwe oksijeni ikiwa tayari imo ndani. Watu wamelijua hilo kwa mikono muda mrefu kabla ya kulijua kwa kemia: huko Huaca Prieta, Peru, yamechimbuliwa mabaki ya pamba yenye nili ya miaka kama 6,000 iliyopita, ugunduzi uliotangazwa mwaka 2016. Mimi nilifuata njia aliyoieneza Mfaransa Michel Garcia, sehemu moja ya nili, mbili za chokaa iliyozimwa kwa maji, tatu za sukari ya matunda. Chokaa inayapa maji ukali, sukari inainyang'anya nili oksijeni yake.

Pipa langu la kwanza niliharakisha. Maji yalikuwa bado ya buluu nami nikaona buluu ndiyo ninayoitafuta, basi nikatumbukiza kitambaa. Kilitoka na buluu nzuri, nikakifua, buluu ikaenda yote na maji. Nili haikuwa imeingia, ilikuwa imekaa juu tu. Pipa lililo tayari halina buluu ndani. Kwa juu linafunga utando wenye mng'ao wa shaba, katikati panakusanyika povu zito la buluu, na ukiusogeza utando huo kwa kijiko chini yake unaona maji ya manjano yenye kahawia, maangavu, unaona hadi mkono wako. Nilipoliona pipa langu la tatu likiwa hivyo nilikaa chini kando yake nikalitazama tu.

Kitambaa kinaingia kikiwa kimelowa na kimekamuliwa, taratibu, kisiingize hewa, na kisiguse mashapo ya chokaa chini maana yatakiachia madoa. Dakika tano. Kinatoka taratibu vilevile, unakikamua kikiwa karibu na uso wa maji, kwa sababu kila tone linalodondoka kutoka juu linabeba oksijeni kurudi pipani. Kinatoka kijani, kijani cha jani changa. Halafu hewa inakigusa. Buluu inaanzia kwenye mikunjo ya juu, inashuka, inatambaa, unakunjua pembe moja na ndani yake bado ni kijani, unahesabu hadi ishirini na kijani hakipo. Nimelifanya hilo mamia ya mara na bado huwa nanyamaza.

Ukitaka buluu nzito usikiache kitambaa pipani saa nzima. Tumbukiza kwa muda mfupi mara nyingi, na kila mara kipe hewa ya kutosha, dakika kumi au zaidi. Buluu yangu ya usiku ina mitumbukizo minane. Kila tabaka linakaa juu ya lililotangulia, na kitambaa cha namna hiyo hakichafui mikono ya anayekivaa.

Kwa mapambo ya uso nilipita haraka zaidi, nikijaribu hiki na kile. Nta ya batiki ilinifundisha joto: ikimwagwa ya moto vya kutosha kitambaa kinakuwa kama kioo, na hapo ujue imepenya hadi upande wa pili, ikibaki nyeupe juu juu imepoa, na rangi itapita chini yake. Nta ya nyuki inajipinda na kitambaa, nta ya parafini, itokanayo na mafuta ghafi ya petroli, inapasuka na kuacha mishipa, basi unazichanganya kulingana na mishipa unayoitaka. Naiyeyushia ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji yanayochemka, kamwe siyo juu ya moto wenyewe, kwa kuwa nta ikizidi joto inawaka.

Lililonigharimu ni la uchapaji. Kuna rangi za unga zinazoshikana na nyuzi za pamba kwa kifungo cha kikemia, zilizoingia sokoni mwaka 1956, na ndizo ninazozitumia kwa muhuri na skrini. Zinahitaji kufanywa nzito ili zisitambae. Nilitengeneza uji wa wanga, nikauchanganya na rangi na magadi, nikachapa mita nne za pamba kwa muhuri nilioukata kwa mikono wiki mbili. Zilikuwa zimekolea, zina makali, sijawahi kuchapa vizuri vile. Nikazifunika kwa plastiki saa 24, nikafua. Uji ukaondoka na rangi yote. Kikabaki kivuli. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba wanga na pamba ni ndugu wa damu moja. Rangi inayoipenda pamba inaupenda wanga vilevile, na wanga ulikuwa karibu zaidi. Kinachotumika ni sodiamu alginati, unga unaotokana na mwani wa baharini, ambao rangi hizo haziungani nao. Tangu siku hiyo sichapi mita hata moja kabla ya kufua kipande cha kiganja. Unga wenyewe wa rangi hizo napima nikiwa nimevaa barakoa, maana ukivutwa unaweza kuamsha mzio wa kifua usiokwisha.

Na sasa nirudi kwa njiwa.

Lile sufuria la kwanza, la enameli nyeupe lenye mdomo wa buluu, nilikuwa nimelistaafisha nilipopata sufuria zuri la chuma kisichoshika kutu. Lilikuwa nje, nikiweka vibanio vya nguo. Jioni moja nilikuwa na vipande vingi vya waridi ya parachichi vya kusuuza na vyombo vyote vilikuwa vimejaa nili. Nikamwaga vibanio, nikatia maji, nikatumbukiza kipande kimoja, nikaenda kulala.

Asubuhi kipande kilikuwa waridi, isipokuwa sehemu moja. Pale palikuwa na doa la mviringo, kijivu cheusi katikati, zambarau kuzunguka, na ukingoni, pale ambapo zambarau inakutana na waridi, palikuwa na ile rangi. Nilikiinua kitambaa. Chini yake, kwenye kitako cha sufuria, enameli ilikuwa imebanduka kiasi cha ukucha wa kidole gumba, na chuma kilichokuwa chini kilikuwa na kutu.

Nilikwenda kwenye daftari nikasoma safu ya chombo, kurasa zote. Sufuria jipya, sufuria jipya, sufuria jipya. Kokwa za parachichi zina tanini nyingi. Tanini ikikutana na chuma inageuka kijivu na nyeusi. Ndivyo wino wa kuandikia ulivyotengenezwa kwa karne nyingi. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu kwa makusudi, isipokuwa kile kimoja nilichokuwa nimekibadilisha bila kujua.

Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 mjini London, William Henry Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria, akapata uchafu mweusi. Alipouosha kwa spiriti ukatoka zambarau. Ile ilikuwa rangi ya kwanza ya viwandani kutokana na lami ya makaa ya mawe. Nilikuwa nikiisikia hadithi hiyo kama hadithi ya bahati. Asubuhi ile niliielewa vingine: uchafu mweusi huenda uliwatokea wengi, yeye alijua alichokuwa ametia humo, akaweza kurudi.

Nikanunua feri salfeti, chumvi ya chuma, na kutenga ndoo na kijiko vya kazi hiyo peke yake, maana chembe ya chuma ikiingia kwenye manjano au nyekundu inazizima. Nikakata vipande vya gramu 10 vya waridi moja. Nusu asilimia, yaani mililita 5 za mchanganyiko wangu: waridi iligeuka mbele ya macho yangu ndani ya dakika tatu ikawa kijivu chenye joto. Asilimia 1, kijivu chenye zambarau. Asilimia 2, mawe ya paa. Asilimia 4, makaa, na kitambaa kikawa kikavu mkononi. Chuma kinakula nyuzi. Nguo za zamani zilizotiwa nyeusi kwa chuma na tanini ni tabu kubwa kwa wanaotunza makumbusho, kwa sababu pale penye nyeusi ndipo panapopukutika kwanza. Kwa hiyo sivuki asilimia 1.

Lakini vyote hivyo vilikuwa vijivu vya kutulia. Havikugeuka dirishani. Nilikuwa na rangi ya njiwa, sikuwa na shingo yake. Nilitazama tena kipande cha kwanza kwa kioo cha kukuzia, na hapo ndipo nilipoona kwamba hakikuwa na rangi moja. Kilikuwa kimekaa kwenye sufuria kikiwa kimekunjamana, chuma kikakifikia huku na kisikifikie kule. Vilele vya mikunjo vilikuwa kijivu, mabonde waridi, na kati yao zambarau, vyote kwa ukubwa ambao jicho la kawaida linavichanganya.

Mikunjo hiyo ningeipata vipi kwa makusudi? Jibu lilitoka kwenye kitanda cha mfumi. Kuna namna ya kufuma ambapo kila baada ya mistari michache unapitisha uzi wa ziada, mgumu, unaoruka juu ya nyuzi tatu na kupita chini ya tatu, na kuacha mikia pembeni. Kitambaa kikitoka kitandani, unashika mikia hiyo miwili miwili, unavuta, na kitambaa chote kinajikusanya kuwa mikunjo midogo iliyopangana. Unaifunga, unatia rangi, inapokauka unakata mafundo na kuuchomoa uzi wa ziada. Ni binamu wa shibori ya Wajapani, ambayo kitambaa hushonwa na kuvutwa kabla ya kutiwa rangi, ila hapa kazi ya sindano imefanywa na ufumaji wenyewe.

Nilifuma pamba nyembamba, nyuzi kumi kwa sentimita, mshindio nikauacha ulegee kidogo ili kitambaa kikubali kukusanyika. Uzi wa kuvutia ulikuwa wa poliesta, ambao hauinywi rangi hii na haukatiki. Nilikitia waridi kwanza, kizima, kimekunjuliwa. Kikakauka. Ndipo nikavuta nyuzi hadi vidole vikauma, nikafunga, nikakilowesha, nikakitumbukiza kwenye chuma cha asilimia 1 kwa dakika nne. Suuza, suuza tena, anika bila kufungua. Siku mbili sikukigusa.

Nilikata mafundo kwa mkasi mdogo wa kushonea, nikachomoa uzi wa kwanza, na mkunjo wa kwanza ukafunguka kwa mlio mdogo wa kitambaa kikavu. Waridi ndani. Kijivu mgongoni. Na kwenye bega la kila mkunjo, ukanda mwembamba wa zambarau. Nikakipeleka dirishani nikakigeuza, kikageuka.

Vipande hivyo viwili sasa viko kwenye ukurasa mmoja. Cha kwanza kimeanza kuchoka. Mwezi uliopita nilipokunja pembe yake nyuzi mbili zilikatika bila sauti, kwa hiyo sikifungui tena, nakitazama chini ya karatasi ya plastiki. Ukanda wa kile cha pili nimeubandika kwenye kioo cha dirisha, nusu wazi kwa jua, nusu chini ya kadibodi, pamoja na kanda za nili, kokwa peke yake, na manjano ambayo tayari imepauka yote katika wiki mbili. Nimeandika tarehe juu ya kadibodi. Baada ya miezi mitatu nitaiondoa na kulinganisha.